Gemu Mpya ya Rali Inakuja: Shika Pesa Yako Kwanza

Mwishoni mwa Aprili 2025, Codemasters wa Uingereza, ambao siku hizi ni mali ya Electronic Arts, walitangaza kwamba wanasitisha mipango ya kutengeneza gemu za rali. Hao ndio waliotuletea Colin McRae Rally mwaka 1998. Mashabiki hawajamaliza hata kuomboleza, Juni ikaja habari ya pili: kampuni ya Ufaransa, Nacon, imepata tena leseni ya mashindano ya dunia ya rali, WRC, kuanzia 2027. Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa Safari Rally na una konsoli sebuleni, hali yako ndiyo hii: gemu ya Codemasters uliyonayo, EA Sports WRC, haitaongezewa kitu tena, na mpya ungali unaisubiri. Watu hupoteza pesa katika kipindi kama hiki. Wanalipia ahadi.

Makala haya ni ya kukusaidia kusubiri kwa akili. Sisemi uache kutumaini. Mwenyewe natumaini, na nina sababu.

Sababu ya kwanza ni kwamba Wafaransa hawa si wageni wa kazi hii. Kikosi chao cha KT Racing kilitengeneza gemu rasmi za WRC kuanzia WRC 5 ya 2015 hadi WRC Generations ya Novemba 2022. Na kuna jambo moja ambalo Wakenya wengi hawalikumbuki. Mwaka 2020 Safari Rally ilikuwa irudi kwenye kalenda ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002, korona ikaivunja. Septemba ya mwaka huohuo, WRC 9 ikatoka na Kenya ikiwa ndani. Watoto wa mitaa yetu wakaiendesha Naivasha kwenye skrini miezi tisa kabla Sébastien Ogier hajashinda Safari ile ya kurudi, Juni 2021. Hawa watu walituthamini kabla hata magari hayajashuka uwanja wa ndege.

Sababu ya pili ni kanuni mpya. Mwaka 2027 mashindano yenyewe yanabadilika: magari ya daraja la juu yanakuja na kikomo cha bei cha euro 345,000, ili kampuni na mafundi wengi zaidi waweze kuingia. Gemu inayozaliwa mwaka ambao magari ni mapya ina nafasi ya kuanza upya na kuacha kurudia magari yale ya mwaka jana kwa rangi tofauti. Nafasi, nasema. Kuitumia au kutoitumia ni juu yao.

Sasa tuje kwenye shaka, maana ndiko kwenye kazi.

Trela itakapotoka, utaona Toyota inaruka kilima, vumbi limetanda, twiga yuko pembeni, muziki unapiga. Usiiangalie zaidi ya mara moja. Trela ya namna hiyo haikuambii chochote kuhusu gemu ya rali, kwa sababu gemu ya rali inakaa mikononi: gari linavyoteleza likiingia kwenye kona, uzito unavyohama ukikanyaga breki, matairi yanavyouma udongo na kuuachia. Subiri video ambayo haikukatwa, ya mkondo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, kamera ikiwa ndani ya gari, na mikono ya mchezaji ikionekana kwenye usukani. Kampuni isipotoa video kama hiyo hadi wiki ya mwisho kabla ya kuuza, hesabu kuwa ina la kuficha.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna kipimo kizuri zaidi, nacho ni Kenya yenyewe. Ukitaka kujua kama watengenezaji walifanya kazi, angalia Kedong. Mkondo ule halisi una zaidi ya kilomita 30. Udongo wake wa volkano unasagika kuwa unga laini ambao madereva wanauita feshfeshi, na gari likitumbukia humo linazama, injini inavuta vumbi, kasi inakufa. Sleeping Warrior nako ni hivyohivyo, ila mvua ikinyesha unga uleule unageuka tope ambalo linawashinda hata wanaoongoza. Rali hii ilikuwa ikifanyika Juni hadi 2023, kisha ikahamishiwa Machi, mwezi ambao mawingu ya masika yanakaribia. Kwa hiyo gemu inayodai kuwa ya kisasa lazima ijue mambo mawili kuhusu Naivasha: vumbi linaloficha barabara baada ya gari la mbele kupita, na maji yanayobadilisha mkondo asubuhi na mchana. Ukiona Kenya yao ni barabara nyekundu ya kawaida yenye miti ya migunga pembeni, basi walichora postikadi.

Nimesema migunga. Nadhani wachoraji wengi wakisikia Kenya wanaanza na mti huo, halafu wanatafuta mahali pa kuuweka. Ziwa Elmenteita, mabomba ya mvuke ya Olkaria, maua ya Naivasha chini ya paa za plastiki, maelfu ya watu waliosimama kwenye miinuko ya Hell's Gate na mablanketi yao: hayo ndiyo Safari ya leo. Mchezaji wa Nakuru atajua ndani ya dakika moja kama mchoraji alifika au alitazama picha tu.

Msikilize pia msoma ramani. Katika gemu nyingi sauti yake inachelewa, anakutajia kona ukiwa umeshaingia. Ukitazama video kwa spika ya simu huwezi kuligundua hilo, kwa hiyo weka spika za masikioni. Msoma ramani mbovu huharibu gemu kuliko picha mbovu.

Shaka kubwa zaidi, hata hivyo, haihusu udongo wala sauti. Inahusu umri wa gemu. Zamani ulinunua diski, ukaiweka rafuni, mjomba wako akija baada ya miaka kumi mnaicheza. Siku hizi gemu nyingi za magari zinadai intaneti hata unapocheza peke yako, na siku kampuni ikizima seva, diski yako inabaki plastiki. Haya si maneno ya kutishana. The Crew ya Ubisoft ilitoka Desemba 2014, ikawa na wachezaji mamilioni, na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Aliyekuwa ameinunua kihalali hakuweza tena kuendesha hata mita moja. Hasira ya tukio hilo ilizaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya likapita saini milioni moja Julai 2025. Ubisoft wenyewe waliona aibu, wakaipatia The Crew 2 njia ya kuchezwa bila mtandao.

DriveClub nayo ina somo, tena la uchungu zaidi, kwa kuwa waliotengeneza ni Evolution Studios, wale waliotuletea WRC ya PlayStation 2 mwaka 2001. DriveClub iliahidiwa kutoka pamoja na PlayStation 4 mwaka 2013, ikaahirishwa hadi Oktoba 2014, na ilipotoka seva zikalemewa. Wakairekebisha kwa miezi mingi, mvua yake ikawa ya kusifiwa, lakini studio ikafungwa 2016, gemu ikaondolewa sokoni 2019, na Machi 2020 sehemu ya mtandaoni ikazimwa. Ilikuwa gemu nzuri. Mtandaoni iliishi chini ya miaka sita.

Na hata gemu isiyouawa inaweza kuondolewa dukani, kwa sababu leseni za majina ya magari, matairi na nyimbo zina muda. Forza Horizon 4 ya 2018 iliacha kuuzwa Desemba 2024. Aliyekuwa nayo anaendelea kucheza, ambaye hakuwa nayo alikosa. Gemu rasmi za WRC ni dhaifu zaidi katika jambo hili: kila kitu ndani yake kina mwenyewe, kuanzia jina la mashindano hadi bango la mafuta lililobandikwa kwenye mlango wa gari. Leseni ikihama, gemu ya zamani huanza kuhesabu siku.

Sasa weka pembeni gemu hizo zote uitazame Richard Burns Rally, ya mwaka 2004. Burns mwenyewe alishinda Safari mara mbili, 1998 na 2000. (Kati ya 1997 na 2002 Safari ilichukuliwa na McRae mara tatu, Burns mara mbili, na Tommi Mäkinen mara moja. Wawili kati ya hao watatu walipewa gemu zenye majina yao, na wote wawili wameshatangulia.) Gemu ile haina leseni mpya, waliotengeneza wametawanyika, picha zake ni za kale. Lakini inakaa kwenye kompyuta ya mchezaji na haimuombi mtu ruhusa. Mashabiki wameiongezea mamia ya mikondo na magari mapya, wakaitengenezea fizikia bora, na mpaka leo kuna wanaoapa kwamba hakuna gemu ya rali inayoishinda kwa hisia ya usukani. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ingawa kuisakinisha kunahitaji subira ya fundi saa.

Kwa hiyo kabla hujapenda picha yoyote ya gemu mpya, tafuta jibu la swali hili: je, hali ya kazi ya udereva, yaani msimu mzima wa kucheza peke yako, inafanya kazi mtandao ukikatika? Usikubali jibu la "tutaeleza baadaye". KT Racing haohao walitengeneza Test Drive Unlimited Solar Crown, iliyotoka Septemba 2024, nayo inahitaji mtandao wakati wote. Siku zake za kwanza seva zilishindwa kubeba watu, na waliolipa zaidi ili waanze mapema ndio waliokaa wakitazama skrini ya kupakia. Sina hakika kama gemu ya rali itafuata njia hiyo, WRC zao za zamani hazikuwa hivyo, lakini nani atakusamehe ukikosa kuuliza?

Hata Gran Turismo 7, ya mabingwa wa kazi hii, ilituonyesha. Machi 2022, wiki mbili tu baada ya kutoka, sasisho moja lilizima seva kwa zaidi ya siku nzima. Gemu iliporudi, malipo ya mbio kadhaa yalikuwa yamepunguzwa, magari ya bei yakawa mbali zaidi, na njia fupi ikawa kuongeza pesa halisi. Wachezaji walipiga kelele kiasi kwamba kampuni iliomba radhi, ikagawa sarafu milioni moja za gemu kwa kila mtu na kurekebisha malipo mwezi uliofuata. Kumbuka mfuatano wa mambo: waandishi walishaisifia, watu walishanunua, ndipo malipo ya ndani yakapunguzwa. Ndiyo maana maoni ya siku ya kwanza hayatoshi. Ngoja wiki mbili, tatu.

Kuhusu kulipia mapema, nina msimamo mmoja: usifanye. Gemu ya kidijitali haiishi dukani siku ya kutoka. Hakuna foleni, hakuna mzigo unaokwama bandarini. Zawadi wanazokupa kwa kulipia mapema ni rangi ya gari na labda gari moja la kale ambalo baada ya miezi sita litauzwa kwa bei ya soda. EA Sports WRC ilitoka Novemba 2023 kwa dola 50 hivi, takriban shilingi 6,500 za Kenya kwa viwango vya sasa. Waliokimbilia ile ya kompyuta walikuta picha inakwamakwama katikati ya mkondo, na uwezo wa kutumia miwani ya uhalisia pepe ulioahidiwa ukaja mwaka uliofuata, tena kwa majaribio. Waliosubiri walipata gemu iliyorekebishwa kwa sehemu ndogo ya bei. Uendeshaji ulikuwa mzuri tangu siku ya kwanza, hilo sitawanyima, na Kenya yake ni ya kuheshimika.

Ukiamua kununua, nunua mahali ambapo unaweza kurudisha. Kwenye Steam unarudishiwa pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua na hujacheza zaidi ya saa 2. Saa 2 zinatosha kabisa kuijua gemu ya rali kama hutazipoteza kwenye mafunzo na filamu za utangulizi: ingia moja kwa moja, chagua Kenya, endesha mkondo mrefu ukavu, halafu uleule ukiwa na mvua, halafu Finland kwa kasi. PlayStation ni wagumu: ukishaanza kupakua, haki ya kurudisha inakwisha. Tena duka lao halina tawi rasmi la Kenya wala Tanzania, kwa hiyo wengi wetu tuna akaunti za Uingereza, Marekani au Afrika Kusini na tunanunua vocha za huko. Hakikisha vocha, akaunti na nyongeza za gemu ni za nchi moja. Diski ya Ulaya na nyongeza ya Marekani hazielewani, na hapo hakuna wa kumlalamikia. Kwa Steam, kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa inafanya kazi, ila bei iko kwa dola, basi angalia kiwango cha kubadilisha kabla ya kubofya.

Diski bado ina faida zake kwetu. Unaweza kuiuza Luthuli au Kariakoo ukichoka nayo, unaweza kumwazima ndugu, na inakuokolea bando. Gemu kubwa za siku hizi zinakula makumi ya GB, na mwenye kununua bando kwa siku anaweza kulipa nusu ya bei ya gemu nyingine kwa kuipakua tu. Lakini soma maandishi madogo nyuma ya kasha: baadhi ya diski zina funguo tu, gemu yenyewe inapakuliwa. Ukiona wameandika kwamba intaneti inahitajika kuisakinisha, faida ya bando imeondoka.

Na konsoli yako ni ipi? Vibanda vingi vya gemu mitaani bado vinaendeshwa na PlayStation 4. EA Sports WRC haikuja kwenye mashine hiyo kabisa, na sitarajii ya 2027 ije. Usijiingize kwenye deni la PlayStation 5 kwa ajili ya gemu moja ambayo hujaiona. Kama una PS4, tafuta diski ya WRC 9, WRC 10 au WRC Generations. Zote tatu zina Kenya, zinakupa msimu mzima, na ndizo zitakazokuonyesha tabia ya uendeshaji wa Wafaransa hawa, iwe unaipenda au hapana. Ukitaka ugumu zaidi, Dirt Rally 2.0 ya 2019 ni nzuri mno ingawa Kenya haimo. Mwenye kompyuta nzuri ana Assetto Corsa Rally, iliyoanza kuuzwa Novemba 2025 ikiwa bado inajengwa. Kununua gemu isiyokamilika ni sawa kwa sharti moja: ulipie kilichomo leo, usilipie walichoandika kwenye mpango wa mwakani.

Usukani, ndiyo, unabadilisha kila kitu katika rali. Lakini nunua uliotumika, wenye nguvu ya kurudisha mkono, na uujaribu kwenye gemu uliyonayo kwanza. Wenye vibanda wasihangaike nao. Vijana wataung'oa mezani ndani ya mwezi. Kwao swali muhimu ni jingine: je, gemu inaruhusu watu kupokezana padi kwenye mkondo mmoja na kulinganisha muda? Rali inafaa kibanda kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa hata Naivasha kwenyewe kila dereva anaondoka peke yake na saa ndiyo inayoamua.

Wakati huu wa kusubiri una kazi moja nyingine. Watengenezaji wanasoma wanachoandikiwa, hasa kabla gemu haijafungwa. Mashabiki wa Finland na Japan wanajua kudai mikondo yao. Sisi tunangoja tuletewe, halafu tunacheka makosa. Waandikie, kwa Kiingereza au Kifaransa kama unakiweza, na uwe mahususi: Kedong yote bila kukatwa, tope la Sleeping Warrior, mabomba ya kuvuta hewa yaliyopandishwa hadi paani kwa ajili ya kuvuka maji, bodi ya matokeo inayoonyesha bendera ya Kenya, Uganda na Tanzania, nchi tatu ambako mbio hizi zilianzia mwaka 1953, Tanzania bado ikiitwa Tanganyika. Dai moja lililoandikwa vizuri lina uzito kuliko matusi elfu siku ya kutoka.

Halafu gemu itoke, upite muda wa wiki mbili, usome wale walioendesha Kenya kwa usukani na kwa padi. Mtandao ukiwa si lazima na vumbi likiwa vumbi, toa pesa yako. Kama sivyo, Richard Burns bado anakusubiri, bure.